Miaka 50 tunajengewa uwezo kwenye maji vijijini. Uwezo wenyewe umebaki kwa nani?

FundiKusini (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimekuwa fundi sanifu maji kwa miaka 31, karibu yote nikiwa Lindi na Mtwara, na sasa nimestaafu. Uzi huu nimeukalia siku nyingi. Kilichonisukuma ni safari ya wiki iliyopita. Nilikwenda msibani wilaya ya Masasi, njiani nikapita kijiji ambacho mimi na wenzangu tulifunga pampu ya mkono aina ya Afridev. Nikakuta mkono umefungwa kamba na kisima kimezungushiwa miba, mbuzi wasiingie. Pampu imelala miaka 3. Kina mama wanafukua mchanga wa mtoni na kusubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe.

Nikaazima spana. Afridev kazi yake karibu yote ni ya spana moja, ndivyo ilivyobuniwa. Tulipovuta fito juu tukakuta mpira wa pistoni umekwisha. Ni kitu kinachoenea kiganjani.

Sasa sikieni. Pale kwenye ofisi ya kijiji kuna vyeti vimebandikwa ukutani, mafunzo ya siku tano ya uendeshaji na matengenezo. Nikauliza wenye vyeti wako wapi. Wawili wamehama, mmoja ametangulia mbele ya haki, mmoja yuko Dar. Wa tano ni mama mmoja, yupo, alikuwa amesimama pale pale ananiangalia nikifungua. Nikamwambia anielezee jinsi ya kubadilisha ule mpira. Alinielezea hatua zote, hakukosea hata moja, mpaka namna ya kunasa vali ya chini kwa fimbo yake na kuitoa bila kung'oa bomba. Nikamuuliza, mama, sasa mbona hukuifungua? Akasema boksi la vifaa walilichukua watu wa mradi siku ya kufunga mradi, spea hajaona duka linaloziuza, na hela ya mfuko wa maji inasainiwa na watu watatu, yeye hayumo.

Nimeondoka na jibu hilo na limenikosesha usingizi. Maisha yangu yote kazini nilisikia kwamba vijiji havina uwezo, kwa hiyo vijengewe. Yule mama ana uwezo. Alichokosa ni spana, spea, na saini.

Kwa vijana ambao hamkuwepo, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mtu apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo zuri sana, na lilitangazwa na nchi iliyokuwa na wahandisi wake wa maji wachache mno. Wahisani wakaja, wakagawana mikoa. Ufini walichukua kwetu Lindi na Mtwara. Uholanzi walianza na visima vifupi Shinyanga 1974, wakahamia Morogoro 1978. Uswidi walikuwa Kanda ya Ziwa, na kuanzia 1985 hadi 2002 waliendesha HESAWA, mpango wa afya, usafi na maji, katika Kagera, Mara na Mwanza. Denmark walikuwa Iringa, Mbeya na Ruvuma. Norwei walikuwa Rukwa na Kigoma. Kila mmoja na mpango kabambe wa mkoa wake, ulioandikwa na kampuni za nje, na kila mmoja na pampu yake: huku NIRA, kule SWN, kwingine India Mark II, halafu ikaja Afridev. Mwenye duka wa Masasi aweke spea ya ipi?

Lakini jambo linalosahauliwa ni hili. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na hazikurudi mpaka 1984. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976. Katikati ya hapo watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Na maji ya kijijini yalikuwa bure, serikali ndiyo inalipa mafuta na mafundi, hadi sera ya maji ya 1991 ilipoleta uchangiaji. Yaani miaka ile ile ambayo wahisani walimwaga mabomba mengi kuliko wakati wowote, vyombo vya watu wa chini vya kupokea, kukusanya hela na kuamua vilikuwa vimeondolewa. Mabomba yalitua hewani.

Matokeo yake mnayajua. Utafiti wa WaterAid uliotoka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo ya miradi yenye umri wa miaka 2 tu ilikuwa haitoi maji. Na serikali ilipokuja kuhesabu vituo vya maji nchi nzima, zaidi ya 70,000, karibu asilimia 40 vilikuwa vimekufa.

Swali langu kwenu, hasa mliofanya kazi miradini: mliona wapi uwezo umebaki baada ya gari la mradi kuondoka, na ulibaki kwa sababu gani? Nataka visa, nadharia ninazo nyingi.

Nyundo Kavu

Mkuu nakuheshimu, lakini wahisani tusiwabebeshe mzigo wote. Kijijini kwetu mfuko wa maji uliliwa na kamati, mwenyekiti akajengea chumba cha biashara. Hakuna mzungu aliyehusika. Tukatae kwanza wizi wetu, mengine yatafuata.

FundiKusini

Mkuu Nyundo Kavu, hilo sikatai, nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja na linauma kuliko yote, kwa sababu ile hela ni ya bibi aliyeuza korosho zake.

Ila nikuulize: kamati yenu ilikuwa inakaguliwa na nani? Kwa miaka mingi kamati ya maji ilikuwa ni watu saba wa kujitolea. Hawalipwi, hawana mhasibu, hesabu zao hazisomwi na mtu yeyote nje ya kijiji. Mradi unawafundisha siku mbili kuandika leja, unapiga picha, unaondoka. Mwaka wa kwanza leja inaandikwa. Mwaka wa pili mwenye mwandiko mzuri anaolewa kijiji kingine.

Ndiyo maana sheria ya maji ya 2019 naiona ni hatua kubwa, pamoja na kasoro zake. RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ilianza kazi Julai 2019, na kamati zinaunganishwa kuwa vyombo vya watumia maji, hivi tunavyoviita CBWSO, ambavyo vinapaswa kuwa na mhasibu na fundi wanaolipwa. Chombo kimoja kinaweza kushika vijiji kadhaa, kwa hiyo mapato yanatosha kulipa mshahara. Fundi anayelipwa unaweza kumwajibisha. Aliyejitolea utamfanya nini? Utamshukuru tu.

Mhasibu Mstaafu

Nashukuru kwa uzi huu. Nilikuwa mhasibu halmashauri, baadaye nikachukuliwa kwenye kitengo cha mradi wa mhisani mmoja. Niseme nilichokiona upande wa karatasi.

Wakati mmoja halmashauri yetu ilikuwa na akaunti za benki 19. Kila mradi na akaunti yake, fomu zake, mwaka wake wa fedha, mkaguzi wake. Mmoja anataka ripoti kila robo, mwingine kila mwezi, wa tatu anataka kwa fedha za kwao. Mweka hazina alikuwa hafanyi kazi ya halmashauri tena, alikuwa karani wa wafadhili 19. Halafu wanakuja kutupa semina ya usimamizi wa fedha, kwa sababu vitabu vya halmashauri viko nyuma!

Na mimi nilipochukuliwa mradini, mshahara wangu uliongezeka mara tatu. Nilikuwa na watoto wanne shuleni, sikuweza kukataa. Lakini kiti changu halmashauri kilikaa wazi miezi 14. Mhandisi wa maji aliondoka baada yangu, kwenda mradi mwingine wenye gari la namba za DFP, zile za miradi ya wahisani. Huo mradi jina lake lilikuwa na neno "kujenga uwezo". Ulijenga uwezo wake kwa kubomoa wa kwetu, na aliyebomolewa ndiye aliyetakiwa kupokea kazi mradi ukiisha.

Haya hayakuwa siri. Miaka ya 90 uhusiano wa Tanzania na wahisani ulifika pabaya, Denmark wakagharamia jopo huru likiongozwa na Profesa Gerald Helleiner wa Kanada. Ripoti yake ya 1995 ilisema wazi kwamba umiliki wa maendeleo haukuwa mikononi mwa Watanzania, na ikalaumu pande zote mbili, serikali yetu na wahisani. Kutoka pale ukaja Mkakati wa Misaada wa 2002, halafu mkakati wa pamoja wa 2006. Katikati likaja Azimio la Paris 2005, dunia nzima ikakubaliana kupunguza vitengo vya miradi vinavyojiendesha pembeni ya serikali na kupitisha fedha kwenye mifumo ya nchi yenyewe. Kwa miaka kadhaa tuliona mabadiliko ya kweli: fedha zikaingia mfuko mkuu, Bunge likazijadili. Sasa naona tunarudi kule kule kwenye miradi pembeni, tena kimya kimya.

FundiKusini umeuliza wapi uwezo ulibaki. Jibu langu: ulibaki pale ambapo fedha ya mhisani ilipita kwenye vitabu vyetu vibovu na kuvifanya vinyooke kwa kutumika. Vitabu havinyooki kabatini.

Mwanadigo

Salamu kutoka Kwale, Kenya. Mzee FundiKusini, hiyo Afridev unayoisema, sehemu ya makuzi yake ni huku kwetu. Ilianzia Malawi, lakini miaka ya 80 ilijaribiwa na kurekebishwa huku pwani ya kusini, katika mradi wa pampu wa Benki ya Dunia na UNDP, Waswidi wakitia fedha. Kazi ya kukaa na watu vijijini ilifanywa na shirika la Kikenya, KWAHO. Wao ndio walioshikilia kwamba wanaochota maji ndio wafundishwe kutengeneza pampu, na wanaochota ni wanawake.

Mamangu alikuwa mweka hazina wa kisima chetu. Nikiwa mtoto nilidhani kila mama duniani ana spana chini ya kitanda. Pampu ikigugumia asubuhi, jioni wao wenyewe wameshaifungua. Jambo ambalo watu wa nje hawakuliona upesi ni hili: wale wahandisi walipokuwa wakibadilisha muundo, walikuwa wanawauliza kina mama. Sehemu gani nzito kuinua? Nati ipi inasumbua? Pampu ilifuata mikono ya watu, si watu kuifuata pampu.

Wengi wa wale mafundi kina mama sasa ni wazee, na watoto wao tumehamia Mombasa. Kwa hiyo nakubaliana na wewe kwamba kufundisha peke yake hakutoshi hata pale kulipofanywa vizuri. Siku hizi huku Kwale, na kule Kitui, kuna kampuni ya wenyeji iitwayo FundiFix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na washirika wa Kenya. Jamii hulipa ada kila mwezi, pampu ikiharibika mafundi wanaahidi kuitengeneza ndani ya siku 3. Zamani kule Kitui pampu iliyokufa ilikaa karibu mwezi mzima. Walianza kwa kuweka kifaa kidogo ndani ya mkono wa pampu, kinachohesabu mipigo na kutuma kwa mtandao wa simu, hivyo fundi ajua pampu imenyamaza kabla hajapigiwa.

Lakini ada ya wanakijiji haitoshelezi gharama zote. Kuna mfuko wa udhamini unaojaza pengo. Nalisema wazi kwa sababu wafadhili wengi hupenda kusikia kwamba jamii "itajitegemea kikamilifu" baada ya miaka mitatu. Hata maji ya mjini Nairobi hayakujengwa kwa ada za wachotaji peke yao. Mbona wa kijijini ndio watakiwe muujiza huo?

Karani wa CTC

Mimi si wa maji, ni wa afya, lakini huu uzi umenigusa. Nilikuwa karani wa takwimu kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, nalipwa kupitia shirika la Kitanzania lililopata fedha za Wamarekani. Januari 2025 tulipata ujumbe kwamba misaada imesimamishwa siku 90 na tusimame kazi. Kufika Julai mosi 2025 USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa.

Nataka niseme jambo moja kuhusu "uwezo wa wazawa". Wamarekani walijitahidi kweli. Mwaka 2018 upande wa UKIMWI waliweka lengo kwamba asilimia 70 ya fedha ipite kwa wabia wa ndani ya nchi, na 2021 USAID nzima ikajiwekea lengo la robo ya fedha zake. La robo hawakulifikia, lakini huku kwetu kwenye UKIMWI tuliona matunda. Mashirika kama MDH na THPS yalitokana na kazi za vyuo vikuu vya Marekani, Harvard na Columbia, na leo ni ya Kitanzania, yanaongozwa na Watanzania wenye uwezo mkubwa. Nimefanya kazi chini ya watu hao, takwimu zetu zilikuwa safi kuliko za nchi nyingi.

Lakini kamba ilikuwa moja. Uwezo wa kitaalamu ulikuwa wetu, mshahara ulikuwa unatoka kwenye bajeti ya nchi nyingine. Siku kamba ilipokatwa, niliyejengewa uwezo miaka 9 niliondoka, kompyuta nikaiacha mezani. Kliniki wakabaki na muuguzi mmoja anayepima, anayetoa dawa, na anayejaza yale madaftari niliyokuwa najaza mimi. Wagonjwa wangu nawajua kwa sura. Mmoja alinipigia simu kuuliza kama akija atanikuta.

Kwa hiyo kwenye orodha ya FundiKusini, spana, spea na saini, naomba tuongeze mstari wa mshahara kwenye bajeti ya serikali. Hata kama ni nusu ya kada, hata kama ni kidogo kidogo kila mwaka. Miaka ile fedha zilipokuwa nyingi ndiyo tulipaswa kudai ratiba hiyo iandikwe.

FundiKusini

Mwanangu Karani, pole sana. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Kwa ulichosema kuhusu mshahara nakubali kabisa, na nakiri kwenye maji hatukuwahi kulisema kwa uwazi namna hiyo.

Binti Kilombero

Shikamooni wakubwa. Mleta uzi umetaka visa ambavyo uwezo ulibaki. Mimi ni mzaliwa wa Ifakara, nina kimoja.

Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika bonde la Kilombero. Mwaka 1957 wakaweka maabara ndogo ya utafiti pale Ifakara. Mwanzoni ilikuwa ya Waswisi, kwa maswali ya Waswisi. Lakini walikaa. Ndiyo siri ya kwanza, walikaa muda ambao mradi wa kawaida haukai. Mwaka 1961 kukaanzishwa kituo cha kufundishia wahudumu wa afya wa vijijini, na baadaye kikawa chuo cha serikali cha waganga wasaidizi.

Miaka ya 90 ndipo mambo yalipogeuka. Mkurugenzi akawa Mtanzania, Dk. Andrew Kitua, na 1996 kituo kikasajiliwa kama taasisi ya Kitanzania yenye bodi yake. Mwaka 2008 kikawa Ifakara Health Institute kama tunavyokijua leo. Kumbukeni, kutoka 1957 hadi 1996 ni miaka 39. Nani leo anaandika andiko la mradi la miaka 39?

Na hawakukabidhiwa jengo tupu. Walipewa maswali makubwa wakiwa na hao hao Waswisi na wengine pembeni yao. Jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66 lilifanyika Idete, kijiji cha kwetu, miaka ya mwanzo ya 90. Chanjo ile haikufanikiwa mwishowe, lakini watu waliojifunza pale kuendesha jaribio lenye viwango vya dunia ndio waliokuja kuwa na mkono kwenye RTS,S pale Bagamoyo, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2021. Vyandarua vyenye dawa navyo, mradi wa KINET wilaya za Kilombero na Ulanga, vilianza kama biashara ndogo za madukani kwetu kabla havijawa mpango wa taifa.

Mjomba wangu alianza pale akikamata mbu usiku, mguu wazi na kopo mkononi. Alimaliza akiwa msimamizi wa maabara ya wadudu na jina lake liko kwenye makala za kisayansi. Hakupelekwa semina ya siku tano. Aliachiwa kazi, akakosea, akasahihishwa, akaachiwa tena kubwa zaidi.

Udhaifu upo, sitaficha: fedha nyingi za utafiti bado zinatoka nje, hivyo anachokisema Karani kinatuhusu pia. Lakini taasisi inaweza kusema hapana kwa mfadhili, kwa sababu ina zaidi ya mmoja, na ina majina yanayojulikana duniani. Kusema hapana ni uwezo, tena huenda ndio mkubwa kuliko wote.

Katibu wa Maji

Wakuu nimesoma uzi wote, nina shida ya haraka. Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji, vijiji vinne, mkoa wa Lindi. Tuna pampu za mkono 11, zote Afridev, zinazofanya kazi ni 6. Mwezi ujao anakuja mfadhili na ameshatuletea rasimu: mafunzo ya siku 5 mjini kwa watu 40, fulana, vyeti, na pampu mpya 3. Tunaogopa tukisema neno ataondoka. Tufanye nini?

FundiKusini

Katibu, usiogope. Mkutano wa kusikiliza rasimu ni wa kwenu pia. Mimi ningeomba hivi.

Kwanza, mwambieni hamhitaji pampu mpya 3 kabla ya kufufua zile 5. Mpelekeni kila moja, iandikwe imekufa kwa sababu gani. Kabla hajafika fanyeni kipimo hiki kwa zile 6 nzima: msipampu kwa nusu saa, halafu hesabuni mipigo kabla maji hayajatoka. Yakichelewa zaidi ya mipigo 5 vali ya chini inavuja, na hiyo nayo iko njiani kufa. Nendeni mkutanoni na karatasi hiyo. Mfadhili akikuta mna takwimu zenu, mazungumzo yanabadilika hapo hapo.

Pili, mafunzo yahame mjini yaje kisimani. Watu 40 ni mkutano, fundi huwezi kumpata humo. Chagueni wanne, angalau wawili wawe kina mama wenye nyumba zao hapo hapo ambao hamtegemei wahame, na wafundishwe kwa kufufua zile pampu 5 kwa mikono yao. Mwalimu ashike mikono nyuma. Fedha ya hoteli na posho za watu 36 waliobaki ombeni igeuzwe spea za miaka miwili: mipira ya pistoni, bushi, vali. Ziwekwe kwa mwenye duka mmoja wa kijiji, auze kwa faida ndogo, hela inayopatikana inunue nyingine. Zikihifadhiwa na mradi, zitaondoka na mradi.

Tatu, boksi la vifaa liandikwe mali ya chombo, kwenye mkataba, kabla ya kusaini. Hapo msilegee, nawaomba.

Nne, fundi awe na mamlaka ya kutumia kiasi fulani kidogo cha fedha bila kusubiri saini tatu. Hilo halimhusu mfadhili, ni lenu na mkutano mkuu wenu. Meneja wa RUWASA wa wilaya awepo siku hiyo ili baadaye asiseme hakuhusishwa.

Na kama atakataa yote, mwambieni asante na muendelee na mipira mitano ya kununua wenyewe. Mtafufua angalau pampu moja.

Mhasibu Mstaafu

Naongeza dogo kwa Katibu. Ombeni nakala ya bajeti yote, siyo ya sehemu yenu tu. Muone kiasi gani kinafika kijijini. Mnayo haki ya kuuliza.

Katibu wa Maji

Wakuu nimerudi baada ya wiki sita kuleta mrejesho.

Tulikwenda na karatasi ya vipimo. Katika zile 6 nzima, 2 zilikuwa zinavuja vali. Yule dada aliyetumwa na mfadhili alikaa kimya akiisoma, halafu akaomba aipige picha. Mafunzo yamehamia kisimani, wamekubali mafundi 6 badala ya 40. Boksi la vifaa ni letu, limeandikwa. Spea wametoa za mwaka mmoja, za miaka miwili walisema kanuni zao haziruhusu. Pampu mpya wamezing'ang'ania, itajengwa moja badala ya tatu, kwa sababu ilishaahidiwa kwenye ripoti yao. Bajeti nzima hatukupewa, tumeandika barua ya kuikumbushia.

Mkutano mkuu ulibishana saa nzima kuhusu fundi kutumia hela bila saini. Tumepitisha shilingi 30,000 kwa mara moja, risiti isomwe mkutano unaofuata.

Jana mafundi wetu wawili, mmoja mama wa watoto watano, wamefungua pampu ya tatu bila mwalimu. Wameniuliza jambo nikashindwa kujibu: mpira wa pistoni umelika upande mmoja tu, upande wa pili bado mzima. Waweke mpya tu au kuna tatizo jingine?

FundiKusini

Wasiweke mpya kwanza, utalika vile vile. Wazivute fito zote, wazilaze chini sehemu tambarare na kuziviringisha moja moja. Iliyopinda itajionyesha, itakuwa inarukaruka. Waangalie pia vishikizi vya kati vya fito kama vimelika, navyo huisukuma pistoni upande. Wakiipata, mpe yule mama simu anipigie, namba nimekutumia inbox. Nikiwa shamba nitampigia jioni.